Steve Kerr alipewaje Warriors bila kuwahi kufundisha?

Kikapu_Damu: Wakuu, Kerr alistaafu kucheza kikapu NBA, ligi ya Marekani, 2003, akawa mchambuzi wa runinga ya TNT, kisha meneja mkuu wa Phoenix Suns 2007 hadi 2010. Mwaka 2014 Golden State Warriors wakamkabidhi timu wakati hajawahi kuwa hata kocha msaidizi. Msimu wa kwanza tu, ushindi 67 na ubingwa. Si alikuta timu imeshajengwa na Mark Jackson, kocha aliyemtangulia? Yeye aliongeza nini hasa?

Mzee wa Ribaundi: Ulinzi aliukuta, hapo Jackson apewe haki yake. Kilichobadilika ni ushambuliaji. Msimu wa 2013-14 Warriors walishika mkia NBA kwa idadi ya pasi: Curry, mtupaji wao mkuu, anawekewa skrini (mwenzake anasimama kumzuia beki wake), wengine wanatazama. Kerr alikuwa amecheza chini ya makocha Phil Jackson kule Chicago na Popovich kule San Antonio, akachota kwa wote wawili. Tazama mpira unapoingia kwa wachezaji wao warefu, Bogut au Green, karibu na kikapu. Aliyetoa pasi hasimami, anakwenda kumwekea skrini mwenzake. Mabeki wawili wakimkimbilia Curry nje, aliyeweka skrini anageuka na kukatiza kikapuni, hana mtu.

Pointi Tatu: Timu nyingi zinaiga hiyo na inazifia. Ama senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, hajui kutoa pasi, ama mweka skrini anaondoka kabla mwenzake hajapita begani kwake, beki anapenya katikati. Na kama huna mtupaji wa kuogopwa, hakuna beki atakayetoka nje. Kerr hilo analijua vizuri, ndiye mwenye asilimia kubwa kuliko wote NBA kwa pointi tatu, 45.4. Hata lile goli lake la fainali ya 1997, mechi ya sita, lilitokana na Stockton wa Utah kumwacha akambane Jordan, mwenzake Kerr kule Chicago.

Kikapu_Damu: Nimeelewa. Na kutokuwa na uzoefu wa benchi?

Mzee wa Ribaundi: Aliuziba kwa wasaidizi: Alvin Gentry kwenye ushambuliaji, Ron Adams kwenye ulinzi. Na alisikiliza hata wadogo. Fainali ya 2015 walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Cleveland, Nick U'Ren, kijana wa ofisini kwake, akapendekeza Iguodala aanze badala ya Bogut. Kerr akakubali. Wakashinda mechi tatu mfululizo, na Iguodala akatajwa mchezaji bora wa fainali.