Eti "kwani wewe unapiga risasi au unapiga picha?" Mnamjua ninayemsema!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, bado nipo nje ya duka la fundi bunduki wetu, mikono inatetemeka. Simtaji jina. Hakuna haja. Kila Mswahili wa Houston aliyewahi kumiliki mguu wa kuku anamjua, na asiyemjua kabahatika.

Nina bastola aina ya 1911 ya stenlesi, ya risasi za .45, mbavu zimepigwa msasa wa mstari mmoja kutoka kiwandani, mgongo umefifishwa usiwake juani. Chuma cha heshima. Nilitaka iwe nyeusi kwa sababu naivaa kiunoni, na jasho la Houston mwezi wa nane linakula mpaka stenlesi. Vidoa vya kutu vilishaanza karibu na saiti ya nyuma, ile ya kulengea. Nikampelekea MWENZETU. Akasema Cerakote, ile rangi ngumu ya kukinga silaha, kazi ya uhakika, dola 250. Nikalipa zote, taslimu, kabla hajagusa kitu, kwa sababu ni mwenzetu.

Jana nimeichukua. Leo asubuhi naichomoa kwenye ala, weusi umebaki kwenye ala. Sisemi umekwaruzika. Nasema UMEBAKI HUMO. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, imetoka pundamilia. Nikaenda kwake moja kwa moja, nikamuuliza kwa adabu zote nilizofundishwa na wazazi wangu, "Kaka, mbona inabanduka?" Dukani kuna mzee wa jumuiya yetu, kuna vijana, kuna mama kaja na mumewe. Jamaa akaitazama. Hakuishika hata, akaitazama tu, akasema:

"Kwani wewe unapiga risasi au unapiga picha?"

Watu wakacheka. Yule mama alicheka mpaka akaegemea kabati la vioo. Nina hakika kwetu Singida wamekisikia kile kicheko na wameuliza nani kafa.

Unapiga risasi au unapiga picha! Kwa dola 250!

Cerakote ya kweli ile ya kuoka, chuma kinapigwa kwanza punje za aluminiamu oksaidi, namba 100 hivi, kwa upepo wa kompresa, ili uso ukwaruzike na rangi ipate pa kushika. Mafuta yanatolewa kwa asetoni. Ndipo inapulizwa, inaokwa saa 2 kwenye nyuzi 121 za Selsiasi. Huyu nikikwangua kwa ukucha naiona mistari yangu ya kiwandani imelala vilevile, hata punje moja haijaigusa. Ile ni rangi ya kopo. KOPO! Kapaka mpaka ndani ya reli, ile njia slaidi inamoteleza, slaidi ikirudi nyuma inahamia huko, inatafuta na chumba cha kupanga. Serial namba imejaa rangi, 3 inasomeka 8. Nikamwonyesha na hilo. Ndipo akarudia, wakuu, ALIRUDIA, kwa faida ya waliokuwa mlangoni ambao hawakusikia vizuri: unapiga risasi au unapiga picha?

Hela yangu naitaka. Na neno lake alimeze mbele ya mama yule yule, kabati lile lile.

KipangaMweusi: Uzi bila picha haunogi. Tupia picha.

NgoshaTX: Kumbe fundi alikuwa sahihi, kuna watu wanapiga picha 😂😂

BinamuWaMvita: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Mleta uzi, jibu swali la watu. Unapiga nini?

Mleta uzi: Picha siweki, serial namba inaonekana. Cheka Binamu, cheka, siku yako ipo. Ungemwona yule mama anavyojishika mbavu usingeandika hivyo.

Mzee wa Kisesa: Kijana, tuliza hasira unisikilize. Stenlesi ni chuma chenye kromiamu kuanzia asilimia 10.5. Hiyo kromiamu inajifunika utando wake yenyewe, ndiyo maana kutu inachelewa. Lakini kuchelewa si kutofika: chumvi ya jasho inautoboa, na stenlesi ya bastola nyingi ni aina ya 416, imetiwa salfa ili ichongeke vizuri, kwa hiyo ustahimilivu wake wa kutu ni mdogo kuliko ile ya masufuria yenu. Hukuwa na haja ya kupaka kitu. Vidoa vile unachukua kitambaa cha kusugulia cha nailoni na mafuta kidogo, unafuata mstari wa kiwanda, upande mmoja, bila kuzungusha mkono. Vinatoka. Stilwaya ya chuma cha kawaida usiiguse kabisa, inaacha vipande vyake juu ya stenlesi na hivyo ndivyo vitakavyoota kutu, halafu utarudi hapa kulia. Na akija mtu kukwambia akung'arishie kwa gurudumu la kitambaa, kimbia. Pembe zinaliwa, maandishi yanazama. Rangi iliyojaa kwenye namba inatoka, ila namba yenyewe asiipunguze mtu kwa msasa: kufuta serial namba ni kosa la shirikisho, jela mpaka miaka 5.

NgoshaTX: Mzee umeandika gazeti. Lakini nimehifadhi.

Bi Shuweri: Mimi nauliza kitu kimoja. Bastola ililala kwake, alikuandika kwenye daftari? Fundi mwenye leseni silaha ikilala kwake lazima aiandike imeingia lini na imetoka lini.

Mleta uzi: Daftari? Aliandika jina langu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme! Na kalikosea!

Bi Shuweri: Basi hapo shida yako si rangi, baba.

KobaziMoja: Huyo huyo! Mimi kaioka slaidi yangu na saiti za tritiamu zikiwa humo humo, zile za kuwaka usiku. Sasa usiku naona giza tupu. Nilipomuuliza akasema "usiku si unalala?"

Mleta uzi: MNAONA! Mnaona majibu yake! Kwangu risasi na picha, kwako usiku unalala. Huyu mtu anakaa nyumbani anatunga majibu badala ya kununua kompresa.

Kibopa wa Katy: Mimi namtetea kidogo. Revolva yangu alinisafishia vizuri, Smith & Wesson Model 60, ukoo wa ile ya 1965, revolva ya kwanza ya stenlesi kutoka kiwandani. Inang'aa mpaka leo.

KobaziMoja: Inang'aa kwa sababu hakuipaka kitu. Ulimlipa akuachie ilivyokuwa.

Kibopa wa Katy: Hata hivyo.

DadaWaTemeke: Mnalia na bastola, njooni muione Camry yangu. Boneti lote linabanduka ganda la juu, jua la Texas limemaliza kazi. Aliyepaka naye mwenzetu. Simu hapokei, ila anaweka video za mazoezi kila asubuhi.

BinamuWaMvita: Yule wa mazoezi?! Kanipakia bampa rangi ya kijani, gari ni bluu. Akasema ikichafuka vitafanana.

Mleta uzi: Poleni, lakini hakuna aliyewaambia "unapiga risasi au unapiga picha" mbele ya mzee wa jumuiya. Turudi kwenye mada.

DadaWaTemeke: Afadhali hata wa magari. Kuna fundi cherehani tulimpa vitenge vya kicheni pati ya mdogo wangu, kaleta magauni sherehe imeisha, watu wanaosha vyombo.

Bi Shuweri: Yule anayekaa karibu na msikiti? Mimi kanishonea mikono miwili ya kulia.

KipangaMweusi: Picha ya mikono tafadhali.

Mleta uzi: Jamani. Bastola.

NgoshaTX: Mnawaonea mafundi bure, adui wetu ni mpishi wa pilau wa harusi zote za hapa. Hiliki hamna, nyama hamna, bei ya ng'ombe mzima.

Kibopa wa Katy: Nyama ilikuwepo. Ninyi mlichelewa.

NgoshaTX: Tulichelewa wapi? Tulifika maharusi hawajaingia, sufuria ishakwanguliwa.

Bi Shuweri: Nyama ilibebwa kwenye mifuko na meza ya wakwe. Nilikuwepo, nawajua, na mmoja wao yumo humu anasoma.

Kibopa wa Katy: Bi Shuweri, tuheshimiane. Ule mfuko ulikuwa wa mtoto.