Hii "kufaulu" ya kwenye mabango ya shule ni kufaulu gani??

Wakuu habari za mchana, leo nina hasira mtanivumilia.

Kuna shule moja binafsi huku kwetu, jina sitaji, walitundika bango getini "FOMU FOO WAMEFAULU 100%". Mi na mama watoto tukajibana, ada tukaitafuta kwa mbinde, kijana tukamhamishia pale. Matokeo yametoka ana divisheni 4 ya pointi 33. Nimeenda kumwona mkuu wa shule, ananipa mkono kabisa, "hongera mzee, kijana kafaulu".

Kafaulu nini?? Pointi 33 kwa kijana wangu ni D mbili na F tano!! Na kinachoniuma ni kwamba kwa vitabu vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hajadanganya, divisheni 1 mpaka 4 wote wanahesabiwa wamefaulu, ziro inaanzia 34. Sasa kidato cha tano wanataka C tatu, hata astashahada tu wanataka D nne, huyu anapeleka wapi hizo mbili?

Zamani kijijini kwetu ukisikia mtoto wa fulani kafaulu la saba ujue kachaguliwa sekondari, jogoo anachinjwa, sanduku la bati linatafutwa. Hakuna aliyeuliza kafaulu ya aina gani.

Watu wa mpira ndo wamebaki na adabu na neno lao. Machi 2019 tumempiga Uganda 3-0 pale Taifa na bado hizo goli peke yake hazikutosha, Lesotho angeshinda kule Cape Verde tulikuwa tunabaki nyumbani, alivyotoka suluhu ndo tukasema TUMEFUZU Afcon, mara ya kwanza tangu 1980. Ukifuzu unaenda mahali, Misri tulienda kweli (tukafungwa mechi zote tatu lakini hiyo mada nyingine msinianzie).

Shule nazo ziandike basi wangapi wamepata C tatu kwenda juu, si wanajua kuhesabu? Hawaandiki ng'o, maana mzazi akiona hiyo namba hela anabaki nayo mfukoni.

Jana nimepita pale getini, bango jipya, mwaka tu ndo umebadilishwa. 100% ile ile na kijana wangu yumo humo.