Jupyter ndani ya VS Code, JupyterLab au PyCharm ya kulipia? Tunachagua Ijumaa

Mtu_wa_Data: Wakuu habari za jioni. Ofisini tunataka kuongeza madaftari, zile notibuku za seli seli, yaani vipande vya kodi unavyoendesha kimoja kimoja na jibu linatokea chini yake, pale tunapoandikia kodi. Machaguo ni JupyterLab kwenye brauza, ekstensheni ya Jupyter ndani ya VS Code, au bosi alipie PyCharm (hiyo na VS Code ni programu za kuandikia kodi). Ipi nzuri?

fundi_kiraka: Nzuri kwa kazi gani mkuu? Lugha gani, mko wangapi, mashine zina RAM kiasi gani, mna Git ya kutunza matoleo ya kodi au mnarushiana mafaili WhatsApp? Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Bi_Pandasi: VS Code, tufunge uzi. Unaweka ekstensheni, unaweka ipykernel ya kuendesha Python, kazi imeisha. Tena faili la ipynb, lile la daftari lenyewe, hata si lazima, andika # %% kwenye faili la kawaida la .py, kila kipande kinakuwa seli, majibu yanatokea dirisha la pembeni. Mimi Jupyter ya brauza nimeshaisahau.

mzee_wa_teminali: Madaftari ndo yanawaharibu vijana. Andika skripti, iendeshe toka juu mpaka chini.

Bi_Pandasi: Mzee na grafu unaangaliaje, unachora na mkaa?

Chausiku: Mzee msimcheke, ngoja niwape yaliyonikuta. Nilikuwa na ripoti ya mauzo kwenye Jupyter, kuna seli imeandikwa mauzo = mauzo / 1000 ili tusome kwa maelfu ya shilingi, sasa usiku nimechoka nabonyeza Shift na Enter huku nasikiliza mpira nikaipitia mara mbili bila kujua, daftari halikulalamika hata kidogo, grafu ikatoka nzuri kabisa, nikatuma. Asubuhi naitwa kwenye kikao naulizwa tawi zima limeuzaje elfu arobaini kwa mwezi. Narudi kuangalia namba za pembeni, zile zinazoonyesha seli ipi imeendeshwa ya ngapi, seli ya juu imeandikwa [41], ya chini yake [38]. Hapo ndo nikajua. Siku hizi situmi kitu kabla sijazima keneli, ile injini inayoendesha seli na kukumbuka majibu yake, na kuendesha zote upya.

kijana_wa_Marimo: Chausiku pole dada, ila Marimo, daftari jingine la Python, ingekukatalia palepale, jina moja haliruhusiwi kutengenezwa kwenye seli mbili. Ukibadilisha seli, zinazoitegemea zinajiendesha zenyewe, ukiifuta na majina yake yanatoka kwenye kumbukumbu. Faili ni .py safi.

Bi_Pandasi: Tuseme yote basi. Angeandika mauzo["tsh"] = mauzo["tsh"] / 1000 Marimo isingeshtuka, maana mabadiliko ya ndani ya jedwali haiyafuatilii.

kijana_wa_Marimo: Hilo kweli, ila nani anaandika hivyo

Chausiku: Mimi 😂

fundi_kiraka: Mwenye uzi yuko wapi? Bosi asitoe hela kwanza. Tangu 2025.1 PyCharm imekuwa moja na Jupyter ya kawaida iko bure. Na kama mna Git, ipynb ni JSON, maandishi ya data tu, picha za grafu zinakaa humohumo kama maandishi, ukibadilisha rangi ya mstari mmoja mwenzako anaona ukuta wa herufi. Wekeni nbstripout mapema, inafuta matokeo kabla daftari halijaingia kwenye Git.

Mtu_wa_Data: Samahani wakuu umeme ulikatika. Tuko wanne, Python, RAM 8GB, Git ipo ila anaitumia mmoja. Halafu kuna dada mmoja yeye ni lugha ya R tu.

fundi_kiraka: Hilo la R ndo ulipaswa uanze nalo! Marimo imetoka hapo, ni ya Python.

mzee_wa_teminali: Mwacheni dada na RStudio yake, programu ya kuandikia R.

Bi_Pandasi: Jupyter inabeba R, mnaweka IRkernel tu. Jina lenyewe limetoka kwa Julia, Python na R.

mwanafunzi_2: Samahani nje ya mada, kwa nini mnasema kodi? Mama yangu kaona nasoma uzi huu akadhani nadaiwa na TRA.

mzee_wa_teminali: Sema msimbo, kijana.

Bi_Pandasi: Msimbo nani anasema mtaani?

Mtu_wa_Data: Kwa hiyo VS Code? Maana nikifungua na brauza pembeni, 8GB inaanza kulia.

Chausiku: Hapo daftari halina kosa, ongezeni RAM. Ni DDR4 au DDR5?

Mtu_wa_Data: Sijui, naangalia wapi?