Mazoezi ya nguvu kwa mkimbiaji asiye na muda: nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha?

Mwendo_Pole
Wakuu, habari zenu. Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, zimebaki wiki 14. Nakimbia saa 11 alfajiri: Jumanne kasi, Alhamisi taratibu, Jumamosi ndefu (sasa kilomita 14). Kazini natoka saa 12 jioni, foleni ya Dar mnaijua. Jimu iko mbali. Nyumbani nina ngazi, kiti kigumu na madumu ya maji. Naweza kutenga nusu saa mara mbili kwa wiki. Niweke siku zipi, nifanye nini, na uzito kiasi gani? Naambiwa mkimbiaji apige marudio 30 mepesi tu, asije akajaza mwili.

Kocha_wa_Mtaa
Mkuu, inatosha kabisa, ila panga siku vizuri. Weka siku nzito juu ya siku nzito: Jumanne jioni baada ya kasi ya alfajiri, na Jumamosi jioni baada ya mbio ndefu. Kuanzia alfajiri hadi jioni una zaidi ya saa 10 katikati, na Alhamisi inabaki nyepesi kweli. Wengi wanakosea hapo: wanapiga miguu siku ya mapumziko, matokeo yake hawana siku hata moja ya kupona. Alhamisi jioni usiguse miguu, maana maumivu ya misuli huja kilele siku ya pili, yaani Jumamosi yenyewe.

Mazoezi manne tu:

Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mguu wa nyuma ukiwa juu ya kiti. Seti 3, marudio 6 hadi 8 kila mguu.
Kuinama na madumu mawili: magoti yamekunjwa kidogo, makalio yanarudi nyuma, mgongo umenyooka, madumu yanateremka sambamba na mapaja mpaka chini kidogo ya magoti. Seti 3 za 8. Usipohisi nyuma ya paja ikivutika, ujue unachuchumaa badala ya kuinama.
Kupanda kwa vidole vya mguu mmoja kwenye ngazi.
Pushapu, seti 2. Zifanye miguu inapopumzika, zisile muda wako.

Katikati ya seti za miguu pumzika sekunde 90 mpaka dakika 2. Ukiunganisha bila kupumzika utatoka jasho sana, lakini hiyo itakuwa mbio nyingine, sio nguvu. Jumamosi punguza, seti 2 kila zoezi. Na wiki mbili za kwanza anza na seti 2 siku zote, la sivyo utashindwa kushuka kwenye daladala.

Vigimbi_Chuma
Naongezea kwenye uzito, maana hapo ndipo swali lilipo. Marudio 30 mepesi yanakupa ustahimilivu, na huo tayari unaupata barabarani. Unachokosa ni nguvu. Chagua uzito ambao ukimaliza marudio 8 unaona ungeweza kuongeza mawili tu. Ukiona ungeweza kuongeza matano, ongeza mzigo. Kuhusu kujaza mwili, nusu saa mbili kwa wiki pamoja na mbio hazikujazi kirahisi. Anayejaza anafanya seti nyingi zaidi na anakula kwa ajili hiyo.

Madumu: maji lita 10 ni kilo 10, lakini dumu lisipojaa maji yanacheza na kukuyumbisha. Tumia dumu la lita 5 lenye mchanga mkavu, linafika karibu kilo 8 na halichezi. Lipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa kalamu ya wino mzito.

Vigimbi ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote. Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kining'inie. Panda sekunde 2, tulia juu sekunde 1, shuka sekunde 3 mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Seti 2 goti likiwa limenyooka, seti 2 likiwa limekunjwa kidogo. Hizo za goti lililokunjwa usiziache: zinafikia msuli wa ndani wa kigimbi, unaobeba kazi kubwa kila unapokimbia. Ukifika marudio 15 kwa mguu mmoja bila kudunda, shika dumu.

Mwendo_Pole
Shukrani sana. Nikishuka ngazi polepole goti la kulia linaingia ndani. Na muundi unauma nikimaliza kukimbia.

Kocha_wa_Mtaa
Goti kuingia ndani mara nyingi ni misuli ya pembeni ya nyonga kushindwa kushikilia. Simama kwenye ngazi ya sentimita 15 hadi 20, shusha kisigino cha mguu wa pili kwa sekunde 3, kiguse chini bila kukiegemea, rudi juu. Goti lifuate kidole cha pili cha mguu. Tazama kwenye kioo. Seti 2 za 8, ziweke mahali pa pushapu mpaka goti litulie. Zoezi hilohilo litakusaidia siku ya mbio, kwa sababu njia inapanda kuelekea Mweka halafu inashuka kurudi Moshi, na mteremko ndio unaochana mapaja.

Dada_Fiziotherapia
Muundi, kaka, usiupuuze. Bonyeza kwa kidole kimoja kando ya mfupa. Maumivu yakitanda eneo refu na yakipungua mwili ukipata joto, punguza kilomita kwa theluthi moja kwa wiki mbili na endelea na vigimbi taratibu. Yakiwa sehemu moja ndogo inayouma hasa ukiigusa, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia na kuruka kabisa, nenda hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na huo hauponi kwa kuchuliwa.

Wiki mbili za mwisho punguza seti ziwe nusu, uzito ubaki uleule. Zoezi la mwisho la miguu liwe siku 6 kabla ya mbio.