Naomba ushauri: kifuniko kinasinyaa zaidi upande mmoja
Wakuu, naomba msaada. Nimechora kalibu (umbo la chuma linaloshindiliwa plastiki iliyoyeyushwa) ya kifuniko cha polipropilini, kipenyo milimita 120. Kwenye programu nilikikuza mara 1.015 pande zote, nikitegemea plastiki isinyae asilimia 1.5 hivi.

Majaribio yametoka, nimepima kwa vernia: 119.2 kufuata mkondo wa plastiki, 119.7 kuukatisha. Duara limekuwa yai, na kifuniko hakikai kwenye kopo! Najua hesabu sahihi ni kugawa kwa 0.985, si kuzidisha kwa 1.015, lakini hapo tofauti ni milimita 0.03 tu.

Je, nikuze X na Y (kufuata mkondo na kuukatisha) kwa viwango tofauti, au kwanza nirekebishe shinikizo la kushikilia (linaloendelea kusukuma plastiki kalibu ikishajaa) na muda wa kupoza? Fundi anataka kukata chuma upya wiki hii, nami nasita.