Tupeane uzoefu: umewahi kurekebisha tahajia kwenye nyaraka za programu huria?

Mwana Kibokoni: Jana nimekuta PR (ombi la kuingiza marekebisho kwenye mradi) ya herufi moja imekaa tangu Ramadhani, hakuna hata aliyeichungulia. Nikakumbuka yangu. Watu wa Mombasa mnaofanya kazi hizi, mlipokelewaje? Hata kama uligeuza "recieve" tu ikawa "receive", lete.

Fundi wa Tudor: Mimi nilipokelewa vyema. Nikaambiwa asante, ikaingizwa usiku uleule. Basi.

Bi Semikoloni: Wewe una nyota yako. Ngoja mimi nimwage.

Nilikuwa natunza mitambo ya kampuni moja ya uwakala wa forodha, huko upande wa Kilindini. Tukaweka programu huria ya kuhifadhi nakala za data kila usiku. Nyaraka zasema: kwenye faili la mipangilio andika "retension_days", kisha idadi ya siku. Nikanakili vilevile, nikaweka 90. Kumbe msimbo wenyewe wataka "retention_days", na programu ikikuta jina isilolijua haisemi kitu, yapita tu. Ikawa yaweka nakala za siku 7, zilizozidi yafuta.

Akaja mteja na mzozo wa kontena la miezi miwili nyuma. Karani alikuwa ameshafuta folda nzima akidhani ni takataka. Bosi akasema hamna neno, si tuna nakala za siku 90? Amesimama nyuma ya kiti changu, mteja yuko mlangoni na wakili wake, nami nafungua orodha naona siku 7. Jasho lilinitoka mpaka kibodi ikateleza.

Usiku huo nikatuma marekebisho, S iwe T. Roboti ikaja: tia saini mkataba wa wachangiaji. Nikatia. Ikarudi: ongeza mstari wa "Signed-off-by" na jina lako kamili. Nikaongeza. Ikarudi tena: kichwa cha habari kianze na "docs:". Haya. Kisha kimya, hadi roboti ileile ikaandika kwamba hakuna shughuli, yafunga. Baadaye mtu mwengine akatuma herufi ileile, mstari uleule, ikapita kabla chai yake haijapoa. Na akashukuriwa.

Kashata ya Nazi: Pole dadangu. Roboti hizo zimetumaliza wengi.

Nyali Kodi: Mtaniwia radhi, lakini herufi moja si mchango. Msimamizi ajitolea, hana mshahara. Kila PR yaamsha majaribio yote na barua pepe kwa watu kadhaa, kwa sababu ya "teh"?

Bi Semikoloni: Herufi moja imenilia data ya watu, nawe wasema si mchango?

Nyali Kodi: Yako ni jina la mpangilio, hiyo ni hitilafu kamili. Nasemea hizi za urembo.

Mzee wa Terminali: Kijana, mwongozo wa kutuma viraka, yaani marekebisho, vya kernel (kiini cha mfumo wa Linux) uliyataja marekebisho ya tahajia kwenye nyaraka kuwa viraka vidogo halali. Ndani ya msimbo pia, kama kosa lamzuia mtu kutafuta neno kwa grep, amri ya kusaka maneno. Tena wana faili lao la makosa ya tahajia, scripts/spelling.txt, na checkpatch, programu yao ya kukagua viraka, yachungulia humo kabla kiraka hakijatumwa. Nyali mna sheria kali kuliko kernel?

Nyali Kodi: Usiingize Nyali, mzee.

Abiria wa Likoni: Nyinyi mwalia kupuuzwa. Mimi nilipigwa muhuri wa spam, yaani takataka!

Oktoba 2020, Hacktoberfest, ile kampeni ya kuchangia programu huria. Ukituma PR nne wapewa fulana. Kwenye kundi letu la chuo kukasambaa video ya kuonyesha "njia rahisi": fungua README (faili la utambulisho wa mradi) ya mtu, ongeza kwamba mradi ni wa ajabu, tuma. Wenzangu wakaivamia kama viazi karai vya bure. Mimi nilikuwa nimesoma sura nzima ya usakinishaji ya mradi mmoja, nikatoa "occured" zote na kiungo kilichokufa. Nikatuma wiki ileile.

Asubuhi niko ferini, tumebanwa na mikokoteni, simu yalia: "invalid", "spam", na mtu ameandika kwamba nijitafutie fulana dukani. Hajafungua hata faili! Siku chache baadaye waandaaji wakabadilisha kanuni, PR ihesabiwe kwenye miradi iliyokubali kushiriki tu. Nikamwandikia msimamizi kwa adabu, nikamwonyesha mstari mmoja mmoja. Alama ikaondolewa, akaomba radhi.

Fundi wa Tudor: Na fulana?

Abiria wa Likoni: Ndicho ulichosoma peke yake?

Kashata ya Nazi: Jibu swali. Ulipata au hukupata?

Mama Bando: Wenzake nao je, walipata? Kama walipata wao akakosa yeye, hapo naandamana.

Abiria wa Likoni: Sijawauliza. Mradi niliourekebisha haukuwa umejiandikisha, fulana ikapita hivyo.

Mama Bando: Haya, ushauri. Kusanya makosa yote ya ukurasa, tuma PR moja.

Fundi wa Tudor: Hapana, moja moja. Kubwa haisomwi.

Mzee wa Terminali: Pitisha codespell, programu ya kusaka makosa ya tahajia, kwanza, lakini usiiachie iandike yenyewe. Itakugeuzia hata jina la kigeu (variable) ndani ya msimbo. Na "Referer" ya HTTP, inayoiambia seva mtu ametoka ukurasa gani, msiiguse! Ilipaswa kuwa "Referrer", imekosewa toka RFC 1945, waraka wa kanuni za HTTP wa mwaka 1996, na seva zote zaitambua hivyohivyo.

Kashata ya Nazi: Na "colour" ya Kiingereza cha Uingereza? Niliituma ikarudishwa, wakati shuleni ukiandika "color" wachapwa kiboko.

Nyali Kodi: Soma mwongozo wa mtindo wa mradi kabla ya kutuma. Hilo hata mimi nalikubali.

Mwana Kibokoni: Kwenye CV mwaziweka?

Abiria wa Likoni: Weka. Mimi niliulizwa kwenye usaili, tukazungumza nusu saa.

Nyali Kodi: Usiweke.

Bi Semikoloni: Weka, lakini usiandike "mhandisi wa kernel".

Mama Bando: Semikoloni, ule mradi wa nakala ni upi? Na mimi natumia mmoja dukani kwangu Kongowea, sijakagua siku zake.

Bi Semikoloni: Siutaji hapa. Fungua faili lako la mipangilio utazame hiyo herufi sasa hivi, kisha uje inboksi.