Mama kavunjika mkono kwa kuteleza tu, ndugu wanataka asifanye kazi yoyote. Tunamsaidia au tunamharibu?

MamaNeema

Habari zenu wadau. Naomba mawazo hasa kwa mlio kwenye mambo ya afya. Mama yangu ana miaka 67, aliteleza bafuni akajikinga na mkono, ukavunjika pale juu kidogo ya kiganja. POP (ile plasta ngumu) imeshatolewa na mfupa umeunga vizuri, ila daktari alituambia kitu ambacho hakijatoka kichwani mwangu, kwamba mtu mzima akivunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo chake mwenyewe, yani sio ajali ya bodaboda wala kudondoka mtini, hiyo ni dalili mifupa imeshapungua nguvu, na tusipofanya kitu safari ijayo inaweza ikawa nyonga.

Sasa nyumbani hatuelewani. Kaka yangu mkubwa anasema mama kazeeka apumzike, kaweka binti wa kazi afanye kila kitu, mama kutwa yupo kwenye kochi. Dada yupo Muscat, katuma makopo ya vidonge vya kalsiamu na vitamini D anasema dawa ndo hiyo. Mimi nachokiona ni kwamba kabla hajaanguka mama alikuwa anabeba ndoo na kulima bustani yake ya mchicha, leo hii kunyanyuka kwenye kochi mpaka ajisukume na mikono huku anaguna, mapaja yamekwisha, magauni yanampwaya.

Naomba kujua, kwa umri wake misuli na mifupa bado inajengeka au ndo basi? Vidonge vinatosha? Na mimi nina 38, binti yangu ana 11, je hii kitu inarithiwa na tuanze kujiangalia lini?

Fizio_Moro

Pole dada, mpe mama shikamoo yangu. Kazi yangu ni fiziotherapia na hili la kumuweka mzee ndani kama mwali nakutana nalo sana, niseme wazi tu kaka ana nia nzuri lakini kochi litammaliza mama haraka kuliko ile ajali ya bafuni. Mwaka 2007 ulitoka utafiti Marekani, walichukua wazee wenye afya zao, umri wa wastani 67 kama mama yako, wakalala kitandani siku 10 tu. Chakula walipewa, protini kiwango kile kinachopendekezwa kwa siku. Walitoka pale wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu na nguvu ya kunyoosha goti imeshuka kama asilimia 15. Siku kumi! Sasa vuta picha mtu anayeshinda kwenye kochi mwezi baada ya mwezi.

Na misuli ikisinyaa mfupa unafuata, maana mfupa ni kitu hai, kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga muda wote, na ndani kabisa kuna seli nyingine kazi yake ni kusikilizia mzigo. Usipoubebesha mfupa mzigo seli hizo zinatoa kwa wingi protini inaitwa sklerostini ambayo inazuia ujenzi, ukiubebesha inapungua na ujenzi unaendelea. Ndo maana wanaanga huko juu ambako mwili hauna uzito wanapoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi, na wale ni watu waliochaguliwa kwa afya.

Swali lako la umri, jibu ni ndio inajengeka. Mwaka 1990 huko Boston daktari Maria Fiatarone na wenzake waliingia kwenye nyumba ya kulelea wazee wakachukua wazee 10, umri wa wastani miaka 90, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu ilipanda kwa asilimia 174 na wawili waliokuwa wanatembelea fimbo wakaiacha. Wakarudia mwaka 1994 kwa wazee 100, na hapo dada wa Muscat asikilize vizuri, kuna kundi lilipewa kinywaji cha lishe bila mazoezi na hakikuwaongezea nguvu. Mwili unahitaji kuombwa kazi kwanza ndo utumie hicho chakula.

Kwa mifupa yenyewe kuna utafiti wa Australia unaitwa LIFTMOR, wanawake 101 waliokoma hedhi na mifupa yao imepungua, mara mbili kwa wiki nusu saa, wananyanyua vyuma vizito kweli kweli na kuruka na kutua kwa kishindo. Baada ya miezi 8 mfupa wa mgongo sehemu ya kiuno uliongezeka karibu asilimia 3, wale waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani ukapungua zaidi ya asilimia 1. Ila nawaomba msikurupuke, wale walisimamiwa na wataalamu kila zoezi, mama asipewe vyuma kesho asubuhi.

Anzieni hapa: mkalishe kwenye kiti kigumu (sio kochi) kilichoegemea ukuta, mikono akunje kifuani, asimame na kukaa mara 5 huku unahesabu muda. Akizidi sekunde 15 au akishindwa bila mikono, misuli imeshadhoofika, hicho ni kipimo kinachotumika hata Ulaya. Halafu hilo hilo ndo liwe zoezi lake. Kama hawezi wekeni mto juu ya kiti ili kiinuke, akizoea ondoeni, akizoea tena ashike mfuko wa unga kilo 2 kifuani. Aongeze kunyanyuka kwa vidole vya miguu huku ameshika nondo za dirisha, na kusimama mguu mmoja karibu na ukuta mtu akiwa pembeni. Mzigo lazima upande kidogo kidogo, mazoezi ya uzito ule ule miezi yote hayajengi. Kitu kimoja asifanye, kuinama kwa kukunja mgongo kunyanyua vitu, pingili zikiwa dhaifu zinabonyea. Na hizo ndala zilizolika soli zitupeni leo, bafuni wekeni bomba la kushikilia na taa iwake usiku.

Mtu_wa_Singida

Mimi natofautiana kidogo, haya mambo ya mifupa kuisha ni ya wazungu wasio na jua. Bibi zetu walifika 90 wanalima, hawakunywa maziwa ya kopo wala kupima chochote. Mnamtia hofu tu mama wa watu.

MtuWaLishe_Kisumu

@Mtu_wa_Singida ndugu yangu kuna ukweli ndani ya hilo na tusilitupe. Kwenu huko Tanzania watafiti walipima vitamini D kwenye damu ya Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi kiasili, majibu yalitoka 2012, wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati maabara nyingi zinahesabu 50 kuwa inatosha. Jua walikuwa nalo. Lakini pia walikuwa wanatembea, wanachimba mizizi, wanabeba. Bibi yako alikuwa analima akiwa 90, hiyo ndo dawa yenyewe anayoizungumzia Fizio. Mama anayekaa sebuleni na pazia limefungwa hana jua la bibi wala jembe la bibi. Na si kweli kwamba Waafrika hatuvunjiki, kuna mradi unaitwa Fractures-E3 unaofuatilia wazee wanaovunjika Gambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, sababu watu wanaishi miaka mingi zaidi sasa na hospitali zinawapokea.

Sasa vidonge. Dada MamaNeema, utafiti mkubwa wa VITAL wa Marekani, watu 25,871, nusu walipewa vitamini D kila siku kwa zaidi ya miaka 5, matokeo ya mifupa yakatoka 2022: haikupunguza kuvunjika. Hao lakini hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, kwa hiyo mtu aliyepimwa akakutwa nayo chini, au mzee asiyetoka nje kabisa, ni habari nyingine, huyo atumie. Ila kumpa mtu kopo na kumuacha kwenye kochi hakumkingi.

Chakula ndo nina imani nacho zaidi. Australia tena, jimbo la Victoria, nyumba 60 za wazee, zaidi ya watu 7,000, nusu ya nyumba wakaongeza maziwa, mtindi na jibini kwenye menyu ya kawaida. Miaka 2 baadaye kuvunjika kulipungua kwa asilimia 33, nyonga kwa asilimia 46. Kilichoongezeka ni kalsiamu pamoja na protini. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, mama wa kilo 60 ni kama gramu 60 hadi 70 kwa siku, na ukimuangalia mama zetu asubuhi ni chai ya rangi na mkate, mchana ugali mkubwa na mboga, nyama wanawaachia watoto. Hapo hafiki hata nusu! Yai moja ni gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Omena au dagaa ni zuri mno kwa sababu unakula na mfupa wake, kalsiamu na protini kwa pamoja, na bei watu wanaimudu. Mchicha mpe ila usiuhesabie kalsiamu sana, una oksaleti inayoishika isifyonzwe, sukuma wiki iko sawa zaidi.

Na kalsiamu si kitu cha kumwagia tu kila mtu. Gambia kijijini Keneba, kwa akina mama wanaokula kalsiamu kidogo sana, wajawazito walipewa vidonge vya kalsiamu wakitegemewa kupata faida, wakaja kuwa na madini kidogo zaidi ya mifupa wakati wa kunyonyesha kuliko wale ambao hawakupewa. Inaonekana mwili uliozoea kidogo ulikuwa umejipanga kuibana, ukiuvuruga unapoteza ule utaratibu. Mimi hilo linanifanya niheshimu mwili wa mtu kabla sijamuandikia kopo.

MamaNeema

Asanteni sana, nimemsomea kaka yote kwenye simu. Mama amejaribu kile kiti, kasimama mara 2 tu akaomba mikono. Hajakasirika, kasema tukirudi jioni tujaribu tena. Binti yangu je? Yeye shuleni wamepunguziwa michezo kwa ajili ya masomo ya ziada.

NesiWaMkoa

Huyo binti ndo wa kukimbilia dada, wala sio kwa kumpa dawa. Kwenye miaka 2 ya kuzunguka ule muda wa kurefuka kwa kasi, ambao kwa wasichana ni kama miaka 12 hivi, mtoto anaweka karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Miaka miwili tu hiyo. Halafu akifika kama 30 akiba imefungwa, kuanzia hapo ni kulinda, na hedhi ikikoma estrojeni (homoni ya kike) inashuka na mfupa unaondoka kwa kasi miaka ya mwanzo. Kurithi kupo na kuna uzito, mzazi akivunjika nyonga mtoto hatari yake inapanda, lakini mzigo wa utotoni uko mikononi mwenu.

Finland waliwapima wachezaji wa kike wa tenisi na skwoshi, mkono wa kuchezea na mkono mwingine wa mtu yule yule, waliokuwa wameanza kabla au wakati wa kuvunja ungo walikuwa na tofauti ya mfupa mara 2 hadi 4 zaidi ya walioanza ukubwani. Kwa hiyo mwacheni aruke kamba, acheze rede, acheze netiboli, mambo ya kuruka na kutua na kugeuka ghafla. Kuogelea na baiskeli ni vizuri kwa moyo ila mfupa haupati kile kishindo. Masomo ya ziada yanayofuta michezo kwenye umri huo yananiuma sana, mzazi nenda ukaongee na mwalimu.

Kwako wewe wa 38 angalia dawa. Hizi dawa za kunenepesha wanazouza mitaani baadhi zina deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi), ukitumia muda mrefu zinakula mfupa na misuli ya mapaja kwa pamoja. Prednisoloni ya muda mrefu vile vile, ila hiyo kama umeandikiwa usiikatishe ghafla. Sindano ya miezi 3 ya uzazi wa mpango inapunguza mfupa kiasi ukiwa unaitumia, ukiacha unarudi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo sio ya kuogopa, ni ya kuongea na mtoa huduma.

Mgeni_77

Samahani naingilia. Mimi ni mteja wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), natumia ile ya kidonge kimoja kwa siku yenye tenofovia. Nimesoma kwamba inaharibu mifupa, niache?

NesiWaMkoa

Usiache, nakuomba sana. Tenofovia hii ya kawaida inashusha mfupa kidogo, zaidi mwaka wa kwanza au wa pili halafu inatulia, wakati virusi visipozuiwa navyo vinakula mfupa na kila kitu kingine. Ongeza mazoezi ya uzito, punguza pombe, acha sigara, na kama umeshawahi kuvunjika kirahisi au una shida ya figo waambie CTC, kuna namna za kubadilisha.

Dkt_Kilombero

Niongezee upande wa dawa za hospitali maana mama huyu ameshavunjika, mazoezi na chakula ni lazima lakini yeye anastahili pia kufikiriwa dawa. Kipimo cha wingi wa mifupa kinaitwa DXA, mashine ni chache na ziko miji mikubwa, ila kukosa DXA kusiwe sababu ya kumuacha, umri wake na kuvunjika kwake vinatosha kuanza mazungumzo na daktari. Ya bei nafuu ni alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki. Anameza asubuhi tumbo tupu na glasi kamili ya maji, sio chai, kisha nusu saa asilale na asile, la sivyo inaunguza koo la chakula, na kalsiamu aile saa nyingine ya siku. Ipo pia ya dripu, zoledroneti, mara moja kwa mwaka. Nyuzilandi mwaka 2025 walitoa majibu ya kuwafuatilia wanawake 1,054 wa miaka 50 hadi 60 kwa miaka 10, waliopata dripu hiyo mara moja au mbili tu katika muda wote huo, kubonyea kwa pingili kulikuwa kama asilimia 6 hadi 7 dhidi ya 11 kwa wasiopata.

Kabla ya kuanza yoyote kati ya hizo apimwe figo na kalsiamu ya damu, na vitamini D ikiwezekana. Kama ana jino bovu la kung'oa aling'oe kwanza.